Maswali ya Wasomaji: Vimelea Vikimwagika, Mtu Asafishwe Vipi?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi mambo yanayotokea vimelea vya maradhi vinapoachiliwa mahali penye watu, iwe kwa makusudi au kwa ajali ya maabara, nasi tukawaalika wasomaji waulize. Barua zimefika kutoka kisiwani Mombasa na kutoka Kisauni, Likoni na Changamwe. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kumfaa mtu siku ambayo hatakuwa na nafasi ya kutafuta gazeti.

*Shikamoo Mama. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa mjini. Mwezi uliopita tulifungua bahasha iliyotoka ng'ambo, ikamwaga unga mweupe mezani. Mwenzangu aliupangusa kwa kitambaa kikavu, mwingine akaunusa apate kujua ni nini, na mimi nikawasha panka ili chumba kipate hewa. Baadaye mwenye mzigo alitupigia simu akatueleza kwamba ilikuwa ni sampuli ya wanga wa kiwandani. Tulicheka, lakini tangu siku ile sina raha. Tulikosea wapi?*
Karani, Moi Avenue

Marahaba, mwanangu. Mlikosea mara tatu, na ni heri umeuliza, kwa sababu makosa hayo matatu ndiyo yanayofanywa na karibu kila mtu. Unga uliotulia mezani hauna miguu ya kukufuata. Unakuwa hatari pale unaporuka ukavutwa puani, au ukaingia katika jicho au kidonda. Kitambaa kikavu huurusha, pua huuvuta, na panka huusambaza chumba kizima hadi ukumbini. Laiti zingekuwa spora za kimeta, yaani mbegu kavu za bakteria wa ugonjwa uitwao kwa Kiingereza anthrax, kazi ambayo ingemalizikia kwenye meza moja ingekuwa ya jengo zima.

Siku nyingine bahasha ya namna hiyo iwekwe chini taratibu palepale ilipo, isitikiswe wala isizungushwe mkono kwa mkono ili kila mtu aione, na ifunikwe kwa chochote kilicho karibu, hata kwa ndoo ya taka iliyopinduliwa. Panka na kiyoyozi vizimwe, watu watoke, na mlango ufungwe nyuma yao. Kila aliyekuwamo anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla hajagusa uso wake, simu ipigwe 999 au 112, na mtu mmoja mwenye mwandiko wa kusomeka aandike majina na nambari za simu za wote waliokuwa chumbani, akiwamo muuza chai aliyepita na birika lake na mteja aliyesimama mlangoni dakika mbili. Aliyemwagikiwa unga nguoni asirudi nazo nyumbani. Avue nguo za juu katika chumba cha pili, azitie ndani ya chombo chenye kifuniko, kisha aoge kwa sabuni mapema iwezekanavyo. Karatasi ile ya majina nitairudia tena na tena katika majibu ya leo, kwa kuwa naiona kuwa na thamani kuliko mpira wa maji.

Sababu ya kuisisitiza utaiona katika yaliyotokea Marekani mwaka 2001, wakati barua zenye spora za kimeta zilipotumwa kwa vyombo vya habari na kwa maseneta wawili. Watu 22 waliugua na 5 kati yao wakafariki. Wawili kati ya waliofariki walikuwa wafanyakazi wa kituo cha posta cha Brentwood, mjini Washington, ambao hawakufungua barua yoyote kati ya hizo: mashine za kuchambulia zilizibana bahasha, na spora zikapenya kwenye karatasi. Jengo la Hart la maseneta lilifungwa kuanzia Oktoba mwaka huo hadi Januari 2002, likafukizwa kwa gesi ya klorini dioksidi, kwa sababu spora za kimeta zinastahimili ukavu na jua na sabuni kwa namna ambayo vimelea vingi haviwezi. Nasi hapa Kenya tulishtushwa mwezi huohuo wa Oktoba, ilipotangazwa Nairobi kwamba barua moja iliyotoka Marekani ina kimeta. Vipimo vilivyofanywa baadaye havikukithibitisha, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuenea nchi nzima. Kwa hiyo nakuombeni mfanye mambo mawili pamoja: mchukulie kila unga usiojulikana kwa uzito, wala msitangaze ni kimeta kabla maabara haijasema.

*Assalaam alaykum Mama. Mume wangu amesoma katika toleo lenu kwamba aliyeguswa na vimelea huvuliwa nguo zote, kisha huoshwa kwa mpira wa wazima moto. Amesema wazi kwamba afadhali maradhi kuliko aibu hiyo, kwake na kwetu sisi wanawake wa nyumbani mwake. Mimi navaa buibui na nikabu, na yeye ni mtu wa kanzu. Je, ni lazima tuvuliwe?*
Mama wa watoto wanne, Mji wa Kale

Waalaykumu salaam, dadangu. Swali lako ndilo kubwa kuliko yote yaliyofika, na naomba mumeo alisome jibu hili mwenyewe.

Nguo zivuliwe, ndiyo, lakini hadharani hapana. Wataalamu hukadiria kwamba kwa mtu aliyevaa nguo za kumfunika, kuvua peke yake huondoa sehemu kubwa ya kilichomwangukia, mara nyingi asilimia 80 au zaidi, hata kabla ya tone la maji. Kwa hesabu hiyo wewe uko katika hali nzuri kuliko mtu wa kaptura na fulana. Buibui limepokea vumbi ambalo lingeangukia ngozi, ushungi umezilinda nywele, na nikabu imezuia baadhi ya yale ambayo yangefika mdomoni. Ukivivua kwa utaratibu unaliacha vumbi humo ndani yake. Ukivivua kwa pupa unajimwagia upya.

Buibui lililofunguka mbele lina wepesi wake: vifungo vifunguliwe kutoka juu, liachwe lianguke nyuma ya mabega, nawe utoke ndani yake kwa kupiga hatua mbele, bila kulikung'uta. Nikabu ifunguliwe kisogoni na ishushwe mbele, mbali na uso, na barakoa safi ichukue nafasi yake papo hapo. Mwenye shida zaidi ni mumeo. Kanzu huvuliwa kwa kupitishwa kichwani, na hapo vumbi lote la kifuani hukokotwa mbele ya pua na macho, na ndiyo maana hukatwa. Mkasi wenye ncha butu huanzia kwenye pindo la mbele, ukapanda taratibu hadi kwenye darizi ya shingo, kisha mikono ikapasuliwa, na kitambaa kikakunjwa upande wa nje ukiingia ndani, kama mtu anayekunja mkeka uliojaa mchanga asitake mchanga umwagike sebuleni. Niliwahi kumwona mzee mmoja ameshika pindo la kanzu yake kwa mikono miwili, hataki mkasi uiguse, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mkono na aliitunza kwa ajili ya Idi. Hatukumlazimisha. Tulimvisha barakoa, akafumba macho na kuzuia pumzi, nasi tukaikunja kanzu kutoka chini kwenda juu, duara baada ya duara, tukaipitisha kichwani pasi na kugusa uso. Njia hiyo ni ya pili kwa ubora, lakini ni bora mara nyingi kuliko mtu kukataa na kwenda zake.

Kwenda zake ndiko kunakonitia hofu. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki zoezi la dharura katika hospitali moja ya Pwani, mimi nikiwa miongoni mwa waliojifanya waathiriwa. Pazia la wanawake lilikuwa turubai moja iliyofungwa kwa kamba juu tu, na upepo ulipovuma liliinuka hadi magotini. Mwenye mkasi alikuwa kijana wa kiume mwenye adabu zake, lakini ni mwanamume. Wanawake watatu waliokuwa mbele yangu walitazamana, wakajifunga mitandio yao vizuri, wakatoka langoni bila kusema neno, wakapanda tuktuk. Hakuna aliyekuwa ameandika majina yao. Lilikuwa zoezi, na nguo zao zilikuwa na unga wa muhogo tu. Lakini nilikaa pale nikiwaza: lingekuwa jambo la kweli, watatu hao wangeingia na vumbi lile katika tuktuk, sebuleni na kwenye vitanda vya watoto, wala tusingejua pa kuwapelekea dawa. Waliovunja utaratibu siku ile ni sisi tuliotundika turubai, na hilo nimelisema katika kila kikao tangu wakati huo.

Kwa hiyo kituo kinachostahili kuitwa kituo kina njia mbili tangu mwanzo, ya wanawake ikihudumiwa na wanawake, na mtoto mdogo hupita pamoja na mamake. Turubai iwe nzito na ifungwe hadi chini, na kwa mtaa kama wenu iwe na paa, kwa sababu nyumba za Mji wa Kale zina roshani na madirisha yanayotazama chini, na pazia lisilo na paa ni nusu ya stara. Leso mbili safi zinatosha kumsitiri mtu anapovua na anapovaa. Nguo ya ndani kabisa ambayo vumbi halikuifikia inaweza kubaki mwilini mpaka mtu afike kwenye faragha ya bafu. Na anayejua josho lake atalielewa agizo la kuosha upesi: maji yaanzie kichwani yashuke, kichwa kikiwa kimeinamishwa mbele ili yasipite machoni, sabuni ifike kwenye mashina ya nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni na katikati ya vidole. Dodoki liachwe. Kitambaa laini kinatosha, kwa kuwa ngozi iliyokwaruzwa ni mlango uliofunguliwa.

Tena, kwa vimelea hatuna haraka ile ya sumu ya kemikali. Mtu ambaye hakumwagikiwa kwa wingi aghalabu huweza kuandikwa jina, akaelekezwa vizuri, akaenda kuoga bafuni kwake mwenyewe. Mwambie mumeo hilo.

*Mama, je, ni sawa kuoga kwa Jik ili kuua vijidudu vyote?*
Mwanafunzi, Tudor

Si sawa. Dawa hiyo ni ya sakafu, meza na vyombo, na ikipakwa mwilini huchoma ngozi na macho bila kukupa faida inayoizidi sabuni. Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu moja ikichanganywa na sehemu sita za maji safi, hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5 unaotumika kupangusia mahali palipochafuka kwa damu au matapishi ya mgonjwa. Uachwe dakika kumi kabla ya kufutwa, na aupangusaye avae glavu. Usiuchanganye kamwe na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi inayodhuru mapafu. Kwa spora za kimeta hata mchanganyiko huo usiutegemee. Kusafisha chumba cha namna hiyo ni kazi ya wenye vifaa.

*Habari ya kazi, Mama. Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo ya binafsi huku Kisauni. Tuko watu watano, hatuna suti za kujikinga wala hema, na maji tunanunua kwa mikokoteni. Watu ishirini wakiingia kwa miguu wakisema wamemwagikiwa kitu, nifunge lango?*
Muuguzi, Kisauni

Usilifunge, lakini usiwaruhusu kupita hadi ndani pia. Wapokee uani. Tukio la Tokyo la tarehe 20 Machi 1995 lilikuwa la sumu ya sarini, ambayo ni kemikali na si kimelea, lakini somo lake linakuhusu wewe hasa: maelfu ya watu walikwenda hospitalini, wengi kwa miguu, kwa teksi au kwa magari ya wapita njia, bila kupitia kituo chochote cha kusafishwa. Katika hospitali ya St. Luke's walipokewa wagonjwa 640 siku hiyo, baadhi wakalazwa katika kanisa dogo la hospitali lisilokuwa na hewa ya kutosha, wakiwa na nguo zao zilezile, na wahudumu zaidi ya 100 wakapata dalili kwa mvuke uliotoka katika nguo hizo. Wagonjwa watakufikia kabla ya gari la wagonjwa na kabla ya mtaalamu. Panga kwa kulitegemea hilo.

Jambo la kwanza ni kutofautisha, na macho yako yanatosha kuanzia. Watu wakija wakitokwa na machozi na makamasi, wakikohoa, wakitapika, mboni zimesinyaa, na yote yameanza ndani ya dakika chache, hiyo ni kemikali: nguo na maji sasa hivi, hata kabla ya majina. Wakija wazima, wamepaukapauka unga na wamejaa hofu, huenda ni vimelea au huenda ni wanga wa yule karani wetu wa Moi Avenue. Vimelea huatamia mwilini kwanza. Tauni ya mapafu huchukua siku moja hadi nne kwa kawaida. Kimeta cha mapafu mara nyingi huchukua siku chache, lakini kinaweza kukaa hadi wiki kadhaa. Ndui, ambayo dunia ilitangaziwa mwaka 1980 kuwa imetokomezwa, ilichukua siku 7 hadi 19. Kwa hiyo hao wazima una muda wa kuwatuliza, kuwaandika na kuwavua kwa heshima.

Tazama upepo kabla ya kupanga ua. Wavuvi wa Kisauni watakwambia bila kutazama kalenda: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Wasiosafishwa wasimame kule upepo unakokwenda, waliosafishwa na wahudumu wakae kule unakotoka. Chora mstari kwa chokaa au kwa kamba ya kuanikia nguo, na aliyeuvuka kwenda upande safi asirudi nyuma, hata kama amesahau simu. Kwa kukosa suti, vaa barakoa ya N95 ikiwa ipo, miwani, glavu mbili na aproni ya plastiki, na aliyekwisha kuvaa hivyo asishike kitasa cha mlango wa ndani. Maji nayo si kizuizi kikubwa kama unavyodhani. Katika mazoezi yetu mtungi mmoja wa lita 20, ukitumiwa kwa kata na kwa mpango, ulimtosha mtu mzima mmoja kuanzia nywele hadi nyayo, naye aliyevua vizuri huhitaji pungufu ya hapo. Weka akiba ya mitungi kumi iliyojaa, miche ya sabuni, leso na vikoi vikuukuu vilivyofuliwa, mkasi wa kukatia bendeji, na ndoo zenye vifuniko za kutilia nguo, kwa sababu tangu mifuko ya plastiki ya dukani ipigwe marufuku mwaka 2017 huwezi kutegemea kupata mfuko wa kufunga vizuri kwa dharura. Weka pia daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mpe mtu mmoja kazi ya daftari, asiguse kingine chochote.

Kama ni tauni ya mapafu inayoshukiwa, jua kwamba huyo anaambukiza kwa kukohoa, avishwe barakoa na atengwe. Mwenye kimeta cha mapafu hamwambukizi aliye kitanda cha jirani. Nimewahi kusikia wauguzi wakikataa kumkaribia mgonjwa wa kimeta, na nilisikitika, kwa kuwa ujinga huo humwacha mtu afe peke yake bila sababu.

*Mimi huvuka feri ya Likoni kila siku asubuhi na jioni. Mtu akiachilia kimelea kimyakimya, bila unga wala kelele, tutajuaje? Na je, kweli dawa humezwa siku sitini? Mimi hata ya siku tano hunishinda.*
Fundi wa umeme, Likoni

Ndugu yangu, tutajua kwa kuchelewa, na watakaotujulisha ni watu wa kawaida. Mwaka 1984 huko Oregon, Marekani, wafuasi wa dhehebu moja waliweka salmonela katika vyakula vya mikahawa ya mji wa The Dalles. Watu 751 waliugua, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni uchafu wa wapishi. Huko Sverdlovsk, katika Umoja wa Kisovieti, mwaka 1979 spora za kimeta zilivuja kutoka kituo cha kijeshi na watu wasiopungua 66 wakafariki. Serikali ilisema ni nyama mbovu, na ni baada ya miaka mingi ndipo wachunguzi walipoweka nyumba na mahali pa kazi pa waliokufa kwenye ramani, wakaona wamepangika katika ukanda mmoja ulionyooka kufuata upepo wa siku moja. Ramani hiyo haikuhitaji mtambo wowote. Ilihitaji kujua nani alikuwa wapi, yaani karatasi yetu ileile.

Hivyo kengele ya kwanza hapa Mombasa inaweza kuwa muuza duka la dawa anayeona watu kumi wenye homa na kifua katika siku mbili, tena vijana wenye afya njema, au daktari wa mifugo anayeona mbuzi wakifa ghafla na damu isiyoganda. Ukiugua namna hiyo, mwambie daktari ulikokuwa wiki iliyopita hata kama hakukuuliza. Kuoga hakusaidii tena wakati huo, kwa kuwa kilichokuwa cha kuoshwa kimekwisha kuingia. Kinachosaidia ni dawa na kufuatiliwa.

Siku sitini ni kweli, kwa aliyevuta spora za kimeta. Spora hulala ndani ya kifua, na dawa huua kile kilichoamka tu, si kilicholala, basi ni lazima dawa iwepo kila siku mpaka za mwisho ziamke au mwili uziondoe. Marekani mwaka 2001 watu wapatao 10,000 walishauriwa kumeza kwa siku hizo zote, na katika uchunguzi wa baadaye walioonekana kumaliza hawakufika nusu. Waliacha kwa sababu ya tumbo kuchafuka, na kwa sababu walijiona wazima. Wewe ukiwa mmoja wao, chagua sala moja au mlo mmoja wa kila siku uufungamanishe na kidonge, na mpe mkeo ruhusa ya kukuuliza. Doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo, inauzwa katika maduka ya dawa mengi, lakini usiinunue ukaiweka kabatini kwa hofu. Haifai kwa kila kimelea, haiwafai virusi kabisa, na mjamzito na mtoto mdogo wana mpango wao.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa sababu ya korona, watu wengi walikataa kupimwa, na hawakukataa kwa ukaidi. Walihofia kupelekwa karantini mahali wasipopajua na kwa gharama wasiyoiweza. Watakaoandika majina siku ya dharura waeleze papo hapo jina hilo litapelekwa wapi na litatumika kwa lipi. Asiyeelezwa atatoa jina la uongo, na jina la uongo halipelekewi dawa.

*Aliyekufa kwa maradhi hayo, maiti yake huoshwa?*
Msomaji, Majengo

Poleni ikiwa swali hili limetoka msibani. Kwa baadhi ya vimelea, kuosha maiti kwa maji ni hatari kubwa kwa waoshaji. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2014 utaratibu wa mazishi salama uliotayarishwa kwa kushauriana na viongozi wa dini, na humo maiti ya Mwislamu hufanyiwa tayamamu, yaani kutoharishwa kwa udongo badala ya maji, na kuvishwa sanda na waliofunzwa na waliovaa mavazi ya kujikinga, familia ikishuhudia na kuswali kwa umbali. Kwa aliyekufa kwa kimeta, maiti isipasuliwe wala kuoshwa kabla maafisa wa afya hawajatoa uamuzi. Waulizeni wao na imamu wenu pamoja, katika kikao kimoja, ili familia isiambiwe maneno mawili tofauti siku ya msiba.

*Na dhahabu yangu je? Nikivuliwa bangili na mkufu na simu na kitambulisho, nitavipata tena au ndiyo kwaheri?*
Bi. Harusi, Bondeni

Utavipata, na una haki ya kuona vinavyotunzwa. Dhahabu, miwani, vifaa vya kusikilizia na meno ya bandia huoshwa kwa sabuni na maji, na aghalabu hurudishwa upesi, kwa kuwa vimelea havijifichi katika kitu kigumu kinachooshwa, ila nakshi zenye vijitundu husuguliwa kwa mswaki. Simu hupanguswa. Kitambulisho cha plastiki huoshwa. Nguo, viatu vya ngozi na pochi ya kitambaa hubaki mpaka maabara iseme ni nini, na huenda visirudi. Kabla kitu chochote hakijatoka mkononi mwako, omba kijifuko chenye nambari, na omba nambari hiyohiyo iandikwe katika kijikaratasi cha kufunga mkononi mwako na katika daftari karibu na jina lako. Ukikuta nambari hizo tatu hazifanani, simama hapohapo, usisogee, na uziombe zisahihishwe.